Kimya cha Samehe

Pwani kuna ada ya kale: mwari huulizwa kama ameridhia mume, na akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Bara nako ada hiyo ina ndugu zake. Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mjane mmoja muuza dagaa aliitwa kikaoni baada ya matanga kuanuliwa. Shemeji zake walimweleza kwamba nyumba itarudi kwa ukoo. Waliegemea mila, ile iliyoandikwa kuwa kanuni mwaka 1963, isemayo kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na wanawe. Mjane hakujibu neno. Katika muhtasari ikaandikwa: amekubali.

Miezi michache baadaye binti wa dada yake alifika kutoka Dar es Salaam na kompyuta yake. Usiku, upepo wa ziwa ulipotulia, wakatazama *Maangamizi*, filamu ya mwaka 2001 ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyoandikwa na Queenae Taylor Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Tuzo za Oscar. Ya pili, *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ilifuata mwaka 2022.

Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili, ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Daktari Asira anatoka Marekani kuja kumtibu. Ndoto, kumbukumbu na mizimu vinapishana humo bila kubisha hodi, kama beti zinazofuatana kwa mizani yake na si kwa mpango wa hadithi.

"Mama mdogo, huyu anaumwa nini?" aliuliza binti.

"Haumwi," akajibu mjane. "Amekataa."

Hapo ndipo ulipo uasi wa filamu hii. Sinema nyingi humpa mwanamke mwasi ukelele, au kisu. Hii inamwachia kimya chake, na mtazamaji analazimika kukaa nacho mpaka ajifunze kukisoma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walichoacha kusema ni kwamba mshindo huo unahitaji sikio. Samehe alimpata Asira, na wazimu pamoja naye. Mbamba Bay hakuna daktari aliyetumwa kusoma kimya cha wajane.

Kikao kilipoitwa tena, mjane alikwenda mapema, akaketi mbele. Muhtasari uliposomwa, alinyanyuka.

"Shemeji zangu, kwa heshima yenu," alisema. "Siku ile nilinyamaza. Sikukubali."

Shauri la nyumba halikuisha siku hiyo. Lakini neno moja katika daftari lilikatwa, na mwandishi wa kikao akaulizia namna ya kuandika kimya.