Zawadi Iliyokosa Mwenyewe

Msomaji, mimi nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ila riwaya ninayo. Imo ndani ya madaftari matatu. Niliianza kwa sababu ya tangazo la shindano: mshindi atapewa hela. Tarehe ya mwisho ikanikuta sura ya tisa. Mjomba akaniuliza, “Sasa hayo madaftari unayajaza ya nini, mpwa wangu? Si wameshafunga?” Nikakosa la kumjibu.

Jibu nimelipata mbali sana, huko mwezini.

Mwaka 1996 Mmarekani Peter Diamandis alitangaza zawadi ya dola milioni 10. Masharti: watu binafsi, bila fedha za serikali, warushe chombo chenye uwezo wa kubeba watu watatu hadi kilomita 100 juu, na wakirushe mara mbili ndani ya wiki mbili. Vikundi 26 vikajitosa. Mwaka 2004 chombo cha Burt Rutan kikashinda. Lakini tajiri Paul Allen, aliyekigharamia, alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 20! Sasa hiyo biashara gani?

Mwaka 2007 ikaja ya pili, kwa fedha za kampuni ya Google: dola milioni 20 kwa wa kwanza kutuisha chombo mwezini, kukisogeza mita 500 na kuleta picha. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena. Machi 2018 ukaisha, na hakuna aliyeruka. Zawadi ikakosa mwenyewe.

Wahandisi vijana watatu wa Israeli walikuwa wameanzisha kikundi chao kwa ajili ya shindano hilo. Ungedhani wangefunga virago. Wapi! Kikundi kiliendelea, na Februari 2019 chombo chao, Beresheet, kikaruka. Aprili 11 injini ikazimika kikiwa kinashuka, kikajibamiza mwezini. Kilivunjika, ndiyo, lakini kilifika. Waandaaji wakakipa kikundi dola milioni 1 ya pongezi.

Ndipo nikaelewa. Zawadi ni njiti ya kiberiti tu. Kuni unazitafuta mwenyewe, na njiti ikizimika si lazima moto nao uzimike.

Jana nimenunua daftari la nne. Huenda riwaya yangu nayo itaanguka mlangoni kwa mchapishaji wa kwanza. Sawa, ila ianguke ikiwa imekamilika. Mjomba akiniuliza tena, nitamwambia: “Shindano limefungwa, Mjomba. Mimi bado.”