Tafakari ya Juma: Gari Juu ya Jeki



Katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati zimo amri mbili ndogo ambazo wengi wetu huzipita haraka. Aya ya 4 yamkataza Mwisraeli kujifanya haoni pale punda au ng'ombe wa nduguye anapoanguka njiani. Ni sharti asaidie kumwinua. Aya ya 8 yamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikaihesabia hatia nyumba ile. Ya kwanza ni amri ya huruma, ya pili ni ya tahadhari. Nazitafakari pamoja kwa sababu ya jambo ambalo kila apitaye Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, au ya Bagamoyo kuelekea Tegeta na Bunju, amekwisha kuliona: gari lenye pancha limeinuliwa kwa jeki, na miguu ya kijana yachungulia chini yake.

Jeki, wapendwa, ni chombo cha kuinulia tu. Kitako chake hakizidi sana upana wa kiganja, nayo ardhi ya Mbagala na Chamazi ni ya mchanga. Uzito wa gari ukielemea hapo, jeki hudidimia au hulala upande, hasa wakati wa masika. Ndiyo maana ubao mpana chini yake ni wa lazima. Jeki ya mafuta iliyochakaa mpira wake wa ndani hushuka yenyewe, polepole, bila sauti.

Basi, gari lisogezwe hadi penye ardhi ngumu na tambarare, hata kama ringi itaumia kidogo. Ringi hununuliwa. Breki ya mkono ivutwe, mawe yazuie gurudumu lililo mkabala, abiria washuke wote. Nati zilegezwe tairi lingali chini, kwani kulazimisha spana gari likiwa juu ndiko kunakoliangusha. Tairi la akiba lilazwe chini ya ubavu wa gari, kando ya jeki. Lililotobolewa likitoka, libadilishane nalo nafasi, ili gari likianguka liangukie mpira, lisimwangukie mwana wa mtu. Nati zikazwe kwa kupishana, na mkazo wa mwisho uwe gari limekwisha kushuka.

Madereva wengi wayajua haya kuliko mimi. Kinachowashinda ni hesabu ya siku. Dereva wa daladala anayedaiwa fedha za tajiri jioni hawezi kuwashusha abiria thelathini kwa moyo mtulivu, naye utingo wa lori akiamriwa aingie chini, ataingia. Hapo ndipo naiona aya ya 8. Mwenye gari ndiye mwenye nyumba. Akilitoa gari alfajiri likiwa na jeki inayovuja na tairi la akiba lisilo na upepo, amejenga paa lisilo na ukingo, na kijana akipondwa, sioni jinsi atakavyosema hakuwapo.

Tena kuna yale mawe. Gari likiharibika twaweka matawi na mawe barabarani kuwaonya wengine, nalo ni jambo jema. Gari likipona twaondoka, mawe yakabaki, na usiku wa manane mwendesha bodaboda huyakuta. Huyo aliyeonywa mchana ameuawa usiku kwa onyo lile lile! Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililokuwa likishughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za madereva. Ya kwanza ni kutoua, na ya nne yahimiza kumsaidia jirani aliye katika shida. Kuyaondoa mawe, kwa maoni yangu, kunatimiza zote mbili kwa dakika moja.

Mwaka huu tutakapobariki vyombo vya usafiri kwa maombezi ya Mtakatifu Kristofa, nitanyunyiza maji ya baraka kama kawaida. Ila nawaomba wenye magari, wakiwemo wazee wa kanisa, waje wakiwa wamefungua buti, tuone kama jeki, ubao na pembetatu za tahadhari vimo.