Abingdon: Kiwanda Kimefungwa, Spana Haijalala

Msafiri afikaye leo Abingdon, mji wa Uingereza ulio kando ya Mto Thames, hatasikia tena kishindo cha kiwanda cha MG. Magari ya spoti yaliundwa hapo tangu 1929 hadi Oktoba 1980, kilipofungwa na wafanyakazi wakatawanyika.

Lakini MGB, iliyoanza kuundwa 1962, ingali barabarani. Nyuma hubebwa na springi za mabamba. Fundi mwangalifu hupachika bolti za springi gari likiwa juu ya jeki, ila huzikaza barabara baada tu ya magurudumu kukanyaga ardhi na springi kupokea uzito. Akizikaza mapema, raba hujipinda na kuchakaa upesi.

Ndugu msomaji, jasho la wafanyakazi wale halikupotea: limo mikononi mwa wanaolitunza.