Karani wa Mwakirunge na Mbio za Alfajiri

Katika kijiji cha Mwakirunge, mtu mzima aonekanapo akikimbia kabla ya jua kuchomoza, majirani hudhani mambo mawili: ama ameiba, ama anapeleka habari ya msiba. Kwa hiyo asubuhi ile ya kwanza, karani mmoja wa ghala alipotoka mlangoni kwake saa 11 na nusu alfajiri, amevaa kaptula na viatu vya raba, akaishika kwa mbio njia ya kwenda Utange, mzee mmoja mgema aliyekuwa juu ya mnazi wake alimpigia kelele: "Bwana karani, nani amekufa?"

"Hakuna, mzee," akajibu karani, naye akaendelea.

Jawabu hilo halikumtosheleza mzee, wala halikuwa kweli kamili. Baba yake karani alikufa kwa kiharusi kabla ya kutimiza miaka 60. Tena juma moja kabla ya asubuhi ile, karani mwenyewe, naye ni mtu wa miaka 44, alipimwa presha ya damu katika zahanati, akaambiwa ni 160 kwa 100. Daktari alimwuliza kazi yake ni nini, akasema, "Kuketi." Alikusudia mzaha, lakini alipolitafakari neno hilo njiani aliona ya kuwa hakusema ila kweli tupu. Atokapo nyumbani hupanda bodaboda mpaka kituoni, na kituoni hupanda matatu. Afikapo kazini hukaa kitini mpaka jioni, kisha hurudi vile vile alivyokwenda. Chai yake ni mahamri na mbaazi, saa 4 hula viazi karai, na usiku wali wa nazi. Wali wa nazi usilaumiwe bure. Babu zake waliula miaka yao yote, lakini wao walipiga makasia na kulima, na mwenda sokoni alikwenda kwa miguu.

Daktari alimwandikia vidonge vya namna mbili, na kimoja ni kile kiutoacho maji mwilini kwa njia ya mkojo. Akamwambia pia ajizoeze kwenda kwa miguu au kukimbia. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema kwamba mtu mzima yampasa kuushughulisha mwili kwa kiasi dakika 150 hadi 300 kila juma, au dakika 75 hadi 150 ikiwa shughuli yenyewe ni ya nguvu, kama mbio. Karani, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, alizigawanya dakika hizo kwa siku za juma, akaona si nyingi. Kumbe dakika za karatasini na dakika za njiani si sawa. Siku ya kwanza alikimbia kama mtoto aliyetumwa dukani. Hakuufikia hata mwembe wa pili, akasimama ameshika magoti, pumzi imemwisha na ubavu unamchoma. Aliporudi akichechemea, mzee yule alikwisha kushuka chini na kibuyu chake. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Mwanangu, mwenda pole hajikwai."

Kijiji kilicheka kwa muda wa mwezi mzima. Watoto waliokwenda shule walimfuata nyuma wakimhesabia hatua. Wengine walisema kwamba mbio ni kazi ya Wakalenjin waliozaliwa milimani, na ya kuwa mtu wa pwani ameumbiwa kuogelea. Neno hili husemwa sana, walakini wasemao wamemsahau Seraphino Antao. Yeye alizaliwa papa hapa Mombasa, na mwaka 1962 alikwenda katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth, Australia, akashinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 pia. Mwaka 1964, Kenya ilipokwenda Tokyo kwa Michezo ya Olimpiki, yeye ndiye aliyeichukua bendera. Alifariki London mwaka 2011, na vijana wengi wapitao katika barabara za mji aliozaliwa hawalijui jina lake.

Hata hivyo, mbio za Antao zilikuwa za kitambo kidogo sana, na joto la pwani halimwinui mkimbiaji wa nusu saa kama vile lisivyomdhuru wa nusu dakika. Hilo karani alilijua katika mwezi wa Machi.

Ilikuwa siku ya Jumapili. Usiku alichelewa kulala kwa sababu ya harusi, na alipoamka jua lilikuwa limekwisha kupanda. Angeweza kuiacha siku hiyo ipite. Lakini alikuwa amekwisha kukimbia majuma 7 bila kukosa, na kila siku huiandika katika daftari. Akaona haya kuacha mstari mtupu. Akameza vidonge vyake, akanywa chai kikombe kimoja, akatoka saa 4. Upepo wa Kaskazi ulikuwa umelegea, minazi haitikisiki. Alipanda kuelekea upande wa vilima vya Nguu Tatu, na mwanzoni alijiona ana nguvu. Baadaye kichwa kilianza kumgonga, mwili ukamsisimka kama mtu mwenye homa, na njia ikamzunguka. Alianguka penye kivuli cha mkanju. Wanawake wawili waliokuwa wakichukua maji walimwona, wakamvua fulana, wakammwagia maji ya ndoo nzima, wakampepea kwa kanga mpaka akapata fahamu. Maji yale waliyatoa mbali. Karani hakuyasahau maji hayo, na juma la pili mkewe aliwapelekea wale wanawake mchele na sukari.

Mambo yaliyompata hayakuwa ya ajabu. Mtu akimbiapo, mwili wake hufanya moto mwingi, na njia kubwa ya kuutoa ni jasho. Lakini jasho lenyewe halipozi. Kinachopoza ni kule kukauka kwake juu ya ngozi. Hewa ya Mombasa katika miezi ya Kaskazi imejaa unyevu, basi jasho hudondoka chini bila kukauka, na mwili hupoteza maji bila ya kupata faida. Damu hukimbilia ngozini kutafuta baridi, nao moyo hulazimika kupiga upesi zaidi ili miguu isikose haki yake. Joto la mwili likipita nyuzi 40, akili huchafuka, na mtu aweza kufa.

Hata mabingwa hawakusamehewa. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanywa Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka 5 mfululizo, tangu 2002 hadi 2006, na watu wengi waliamini kwamba atashinda tena. Katika mzunguko wa mwisho alishindwa na joto, akatoka njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda siku hiyo. Mwaka uliofuata, huko Edinburgh kwenye baridi, Bekele alilitwaa tena taji lake. Ikiwa mtu kama yule aliacha mbio na kuokoa maisha yake mbele ya macho ya ulimwengu, karani wa ghala aona haya ya nini mbele ya daftari lake mwenyewe?

Karani alirudi zahanati siku ya pili yake, na huko alikaripiwa kwa upole. Kile kidonge kitoacho maji, pamoja na jua la saa 4 na kikombe kimoja cha chai, vilimwacha mkavu. Ilimpasa aulize kabla. Ndipo alipotoa lile lililokuwa moyoni mwake siku nyingi: je, kwa kuwa sasa anakimbia, vidonge haviwezi kuachwa? Alikuwa ameanza kuviona kama ushahidi wa kwamba mbio zake si kitu. Daktari akampima, akakuta 142 kwa 90. Akamweleza kwamba kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya namna hii peke yake hushusha kipimo cha juu kwa alama 5 hadi 8 hivi, nayo ni faida kubwa, illakini haiwezi kulipa deni lote. Alikibadili kidonge kimoja, akaamuru ya kwamba asiache chochote bila ya kuambiwa. Karani alikwenda zake amenuna. Mkewe alipomwona hivyo alimwambia, "Baba watoto, baba yako hakuwa na vidonge wala viatu. Wewe unavyo vyote viwili, na bado wakasirika?"

Tangu siku hiyo alibadili mwendo wake. Hukimbia dakika 3 na kutembea dakika 2, hivyo hivyo mpaka nusu saa itimie, kwa kiasi ambacho aweza kusema maneno kamili bila kukatika pumzi. Mzee mgema hudai kuwa yeye ndiye mwalimu wa mwendo huo, na hakika hakuna awezaye kumbishia.

Lipo jambo jingine lisilomhusu mkimbiaji wa mahali pengine. Mwakirunge ndipo lilipo jaa kubwa la taka za mji, na taka hizo ziungapo, moshi wake hutambaa chini kama ukungu. Mtu akimbiaye huvuta hewa mara nyingi zaidi kuliko aliyeketi, basi na moshi huuvuta zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, karani hutazama moshi wa jiko la mkewe unalalia upande gani, ndipo achague njia. Ziko siku ambazo kila njia ni mbaya. Siku hizo hubaki nyumbani akafagia ua. Wale waokotao chupa na vyuma jaani hawana siku ya kuchagua. Hukutana nao njiani wakienda na magunia yao matupu, wakaamkiana, na hapo karani hupunguza mwendo, kwa maana haimpendezi kuwapita kwa mbio watu waendao kwenye moshi huo kutafuta chakula.

Tena yampasa msomaji aliye mkulima asidhani kwamba maneno haya yamtaka anunue raba. Aliyelima mihogo tangu asubuhi mpaka adhuhuri amekwisha kuzilipa dakika zake, na mwenye kuchota maji mbali amezipita. Ugonjwa huu wa kuketi ni wa makarani. Lakini umeanza kuwafikia hata watoto wa wakulima, ambao siku hizi hupanda bodaboda kwenda kununua kibiriti.

Mwezi wa Juni, upepo wa Kusi ukiwa umeleta ubaridi, karani alipita chini ya mnazi ule asiitwe. Aliporudi alimkuta mzee ameketi shinani, kibuyu kitupu kando yake. Alisema ya kwamba siku 3 sasa, kila akipanda, huona giza machoni anapofika kati.

"Babu, umewahi kupimwa?" akauliza karani.

"Nipimwe nini? Mimi nakimbia juu, wewe wakimbia chini."

Walibishana kidogo, kisha mzee akaomba fimbo yake. Jumamosi hiyo karani hakukimbia. Watu walimwona katika njia ya kwenda zahanati, amevaa raba zake, akitembea hatua kwa hatua kando ya mzee, naye mzee akimwambia asimharakishe.