Kupima Zawia ya Bawa Juu ya Oshkosh

Niliingia Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, usiku wa kuamkia siku tuliyokusudia kuruka, na alfajiri yake nikamkuta sahibu yangu, aliyeiunda ndege yake ya viti viwili katika gereji ya nyumbani, ribiti kwa ribiti, amekwisha kufungua milango ya banda. Mji huo wajulikana na mafundi wa aina yake, kwani tangu mwaka 1970 ndipo mahali pa maonyesho makuu ya chama chao kilichoasisiwa na Paul Poberezny mwaka 1953, na kiwanja chenyewe kina jina la Steve Wittman, rubani wa mashindano aliyeruka kwa ndege alizozibuni mwenyewe. Muda wa majaribio ya ndege ya sahibu yangu, ambamo sheria haimruhusu rubani kuchukua abiria, ulikuwa umepita. Kazi iliyosalia ilikuwa kukisahihisha kipimo cha zawia ya bawa.

Bawa hupoteza nguvu ya kuinua pale zawia baina yake na upepo unaolikabili inapopita mpaka wake, ambao katika ndege ndogo aghalabu ni kama digrii 15 hadi 18, iwe ndege inakwenda polepole au kasi. Na ule mwendo wa hatari unaoandikwa vitabuni ni wa uzito maalumu na wa ndege iliyonyooka tu.

Chini ya bawa kulikuwa na kibomba chenye matundu mawili, moja likitazama mbele na la pili likiinamia chini, na tofauti ya msukumo wa hewa baina ya matundu hayo ndiyo inayokiarifu kipimo zawia ilivyo. Walakini kipimo hicho hakiijui ndege kilimofungwa mpaka kifunzwe, maadamu kila fundi amelitengeneza bawa lake na kukipachika kibomba kwa namna yake.

Baada ya kukiweka kwenye sifuri ndani ya banda, pasipo na upepo, tulipanda hadi futi 6,000, Ziwa Winnebago likiwa mashariki yetu na hewa imetulia kama maji ya mtungini. Akapunguza moto wa injini, akawa anavuta usukani taratibu ili kimo kisipungue, hata usukani ukalegea mkononi na mtikisiko ukaanza. Hapo akabonyeza kitufe cha kipimo, akainamisha pua, akaongeza moto. Kisha akashika mwendo ulio mara 1.3 ya ule wa bawa kushindwa, ambao ndio wa kukaribia kutua, akabonyeza tena. Na yote yakarudiwa flapi zikiwa zimeteremshwa, kwa kuwa flapi hulibadili umbo la bawa.

Ikabaki kuhakikisha. Bila flapi, bawa lile lilishindwa karibu na maili 60 kwa saa. Akailaza ndege digrii 45 katika kona, ambapo mwendo huo wa kushindwa hupanda hadi maili 71 hivi, na mshale wa mwendo ulipofika 75, mwendo uliokuwa salama tulipokuwa tumenyooka, taa nyekundu ikawaka na mlio ukaharakisha masikioni mwetu.

Basi anayeunda ndege ajue kuwa kipimo kilichonunuliwa kisha kisisahihishwe ndani ya ndege yake ni pambo tu. Na akifunze angani, akijaribu katika kona, na siku kitakapomlilia karibu na ardhi alegeze usukani kwanza, mwendo autazame baadaye.