Tarbushi za Chetambe

Ukitaka kujua kama igizo la historia limefanyiwa utafiti, angalia kichwa cha askari. Viatu hufichwa na vumbi la jukwaa, lakini kofia kila mtu anaiona.

Hapa Kakamega tuliandaa igizo la vita vya 1895, Wabukusu walipozingirwa kwenye ngome yao ya Chetambe, karibu na Webuye. Jamaa wa mavazi akaleta kofia sita za chuma. "Bila hizi watu hawatajua nani ni askari," akasema. Ana hoja: wengi wetu tumejifunza vita kwa filamu.

Shida ni kwamba kofia ile ilibuniwa na John Brodie huko London mwaka 1915, miaka 20 baada ya Chetambe. Lakini tarehe si hoja kubwa. Ukimvisha mtu chuma kile, mtazamaji anaona jeshi la Wazungu kutoka ng'ambo. Kumbe Hobley, ofisa Mwingereza aliyeongoza vita hivyo, alikuwa na askari Wasudani waliovaa tarbushi. Pamoja nao walikuja Waganda, Wamasai, na watu wa Nabongo Mumia, yaani majirani wa Wabukusu.

Waingereza nao wanasumbuliwa na kofia. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1642, na filamu hupenda kuwapa watu wa Bunge vyuma, watu wa mfalme kofia pana zenye manyoya. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilivaa zote mbili. Mara nyingi walitambuana kwa mishipi ya rangi tu. Kofia ya uongo huwapanga watu vizuri kuliko vita vyenyewe.

Ndivyo ilivyo kwetu. Tukasema tushone tarbushi. Hapo kijana mmoja wa Mumias akauliza, "Sasa mimi, mtu wa Mumia, nitavaa nini? Na nitasimama upande gani?" Ukumbi ukanyamaza. Mwenzake Mbukusu akaangalia chini.

Na chuma kingerahisisha mambo, si ndio? Wazungu kule, sisi huku, sote tumeonewa, twende nyumbani. Tarbushi haikupi raha hiyo. Inakuambia bunduki ilishikwa na Mwafrika, na njia ya kwenda Chetambe ilipitia kwa jirani. Hayo ndiyo mambo ambayo vijana wa Magharibi tunapaswa kuyazungumza, hata kama tiketi zitauzwa chache.