Tulidhani ni vumbi la karasha

Mdogo wangu alianza kukohoa mwaka 2017, wakati wa masika, na sisi sote tukasema ni vumbi. Ukiishi Nyarugusu, kikohozi hakiulizwi kimetoka wapi. Kijana anayeshinda kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga, anarudi jioni mweupe kichwa hadi miguu kama aliyemwagiwa unga wa muhogo. Akikohoa unampa maziwa asafishe kifua. Basi.

Mimi ni mama lishe. Nauza ugali, wali na chai karibu na maduara ya wachimbaji wadogo. Mdogo wangu tumeachiana ziwa, na ndiye wa mwisho kwa mama. Alinifuata huku kutoka kwetu upande wa Kahama alipomaliza kidato cha nne, akaanza kwa kubeba viroba vya mawe, baadaye akapata kazi ya karasha. Alipanga chumba na kijana mwenzake tuliyekuwa tukimwita "rafiki yake". Machimboni vijana wawili kulala chumba kimoja si habari, maana vyumba ni ghali na watu ni wengi. Sikuuliza kitu. Nikisema ukweli, nilikuwa najua, ila nilijitahidi nisijue.

Januari mwaka huohuo lilitokea jambo ambalo watu wa hapa hawajalisahau. Wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa katika mgodi mmoja hapa Nyarugusu. Watu walikesha juu ya ardhi, wa kanisani na wa msikitini, wenye migodi na wasio na kitu. Mimi nilikuwepo na birika langu la chai. Tarehe 29 Januari walitolewa wote 15 wakiwa hai, na kina mama tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Siku zile sikumsikia mtu akiuliza aliye chini ni wa dini gani, analala na nani, au anastahili kuokolewa.

Mwezi uliofuata, Februari 2017, redio ilikuwa inalia jikoni kwangu wakati wa chakula cha mchana. Ilitangazwa kwamba Wizara ya Afya imesitisha huduma za UKIMWI katika vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia, pamoja na watu wengine, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Sababu iliyotolewa ni kwamba vilikuwa vinahamasisha ushoga. Huduma, ilielezwa, zingepatikana katika vituo vya serikali. Miezi saba kabla ya hapo, Julai 2016, vilainishi navyo vilikuwa vimepigwa marufuku. Wateja wangu walicheka, mmoja akatoa maneno machafu. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la mwisho. Alinawa mikono akaondoka, ugali ukabaki nusu sahani.

Yaliyofuata aliniambia baadaye sana. Alikuwa na kidonda sehemu ya haja kubwa. Akajikaza akaenda kituo kimoja cha afya. Alipoulizwa kidonda kiko wapi, aliona aibu, akasema kiko mbele. Hakukaguliwa. Akaambiwa magonjwa ya zinaa hutibiwa wawili, kwa hiyo arudi na mke wake au mchumba wake.

Ndugu msomaji, agizo hilo ni zuri kitabibu. Ukitibu mmoja na mwenzake akabaki na ugonjwa, umefanya kazi bure. Lakini mdogo wangu angemleta nani? Angeingia kwenye korido iliyojaa watu wanaomfahamu, akiwa na mwanamume mwenzake, aseme nini? Alikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na hakurudi tena.

Akaendelea kukohoa. Akaanza kukonda, na usiku alikuwa akitoka jasho mpaka shuka linalowana. Nikamwambia aache karasha apumzike. Mama akatuma dawa za miti shamba kutoka nyumbani. Nusu mwaka mzima tulihangaika na vumbi.

Usiku mmoja, mwanzoni mwa mwaka 2018, nikagongewa mlango. Alikuwa yule rafiki yake. Alisimama nje hataki kuingia, akasema, "Dada, mimi nimeshapima, niko salama. Yeye hataki kwenda. Ananiambia bora afie ndani kuliko kuulizwa tena mke wake yuko wapi. Nisaidie, atakufa." Halafu akalia. Kijana wa watu, bonge la mwanamume anayeshuka shimoni kwa kamba, analia mlangoni kwangu saa nane za usiku. Pale sikuweza tena kujitahidi nisijue.

Asubuhi tulimpakia kwenye gari, sisi wawili, tukampeleka hospitali nyingine, mbali na watu wanaotufahamu. Tulimkuta muuguzi mmoja mama mtu mzima. Alifunga mlango, akaniuliza kama mgonjwa anapenda nibaki, akaanza kuandika. Umri? Kazi? Unalala na wanawake, wanaume, au wote? Aliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia umri. Mdogo wangu akanyamaza. Yule mama akaweka kalamu chini, akasema, "Baba, siulizi ili nikuhukumu. Nauliza ili nijue nikupime wapi."

Mdogo wangu akajibu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani kumjibu mtu swali hilo.

Alikutwa na kifua kikuu, VVU, na kaswende. Kaswende ilitibiwa kwa sindano za penisilini. Kifua kikuu alikimeza miezi sita. Dawa za kufubaza virusi anameza mpaka leo. Magonjwa yote matatu yana dawa, na hazikumgharimu hata kile alichokuwa akitumia kwa miti shamba. Kilichokaribia kumuua ni ule mwaka aliokaa kimya, na kimya hicho mimi dada yake nilikilinda pamoja naye.

Yule muuguzi alitufundisha mengi, na mengine nimeendelea kuyauliza kila niendapo, kwa sababu niliandikishwa kuwa msaidizi wake wa matibabu. Nitayaandika hapa bila kuzunguka, maana kuzunguka ndiko kulikotuponza.

Mapenzi ya njia ya haja kubwa ni hatari zaidi kwa VVU kuliko ya njia ya kawaida, zaidi ya mara kumi kwa anayeingiliwa. Hii ni kwa mwanamume na kwa mwanamke pia, na wanawake wanaoyafanya na waume zao ni wengi kuliko tunavyokiri vikaoni. Ngozi ya ndani kule ni laini, haina ute wa kutosha wa kuilainisha, inachanika haraka. Ndiyo maana kondomu peke yake haitoshi, inahitaji kilainishi cha maji. Mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando ya kupaka na losheni yenye mafuta hulegeza mpira wa kondomu mpaka unapasuka. Vijana wengi hutumia hayo kwa sababu ndiyo yaliyopo chumbani.

Aliyeteleza, au aliyebakwa, awahi hospitali. Zipo dawa za kuzuia maambukizi, ila lazima uzianze ndani ya saa 72, na ukiwahi zaidi ni bora zaidi. Unazimeza siku 28. Kwa asiye na virusi ambaye maisha yake yanamweka kwenye hatari, ipo dawa kinga. Ikimezwa inavyotakiwa huzuia VVU kwa asilimia karibu 99, lakini haizuii kaswende wala kisonono. Na anayeogopa kuonekana kwenye foleni, tangu Bunge liliporekebisha sheria Novemba 2019, mtu anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe. Kipimo kikionyesha una virusi, lazima uende ukahakikishe kituoni.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Mdogo wangu alipopimwa wingi wa virusi baada ya miezi kadhaa ya dawa, havikuonekana. Muuguzi akamwambia kwamba akibaki hivyo hawezi kumwambukiza mwenzake. Nilidhani anamfariji tu. Baadaye nikasoma juu ya utafiti uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2019. Walifuatilia jozi 782 za wanaume wapenzi, mmoja ana virusi anameza dawa vizuri, mwingine hana. Walifanya mapenzi bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Waliombukizwa na wenzao ndani ya jozi hizo ni sifuri. Yule rafiki mpaka leo anapima na yuko salama.

Nimesema rafiki. Mama alipokuja kumuuguza mwanawe alimkuta anafua shuka, anakoroga uji, anahesabu vidonge kwenye kifuniko cha chupa. Mama ni mtu wa kanisa, na ni mtu wa zamani. Siku ya tatu akaniita uani, akaniuliza, "Huyu kijana ni nani kwa mwanangu?" Nikatafuta jibu nikakosa. Nikasema, "Ndiye anayemuuguza, mama." Akatazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Basi usimpe makombo. Mpakulie naye." Hakuongeza neno siku ile wala baadaye. Lakini kila akipata mtu wa kumtuma analeta mifuko miwili ya michembe.

Sisemi mambo yamekuwa mepesi. Sheria yetu, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho mizizi yake ni ya enzi za mkoloni Mwingereza, inataja kifungo cha miaka 30 mpaka maisha. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, akataka wananchi wapeleke majina, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoka siku chache baadaye ikasema hayo ni mawazo yake, si msimamo wa serikali. Lakini hofu ilikuwa imeshafika hadi machimboni. Mwezi ule mdogo wangu hakuthubutu kwenda kliniki. Nilienda mimi na kadi yake, nikachukua dawa. Wangapi hawana dada wa kuwachukulia?

Na mwaka 2025 Marekani iliposimamisha fedha zake ghafla mwezi Januari, kisha ikaruhusu dawa kinga igharamiwe kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, rafiki yake akaniuliza, "Dada, sasa sisi?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumkumbusha kondomu.

Nilipomsomea mdogo wangu haya, akaniomba niongeze jambo moja kwa ajili ya vijana wenzake. Kabla ya kumpata rafiki yake, aliwahi kuchati na mtu kwenye simu wiki tatu, maneno matamu, wakapanga kukutana gesti moja mjini. Alipoingia aliwakuta wanaume watatu. Walimpiga, wakachukua simu na pesa zote za mshahara, wakampiga picha. Halafu kwa miezi minne wakawa wanamdai pesa, la sivyo picha ziende kwa mama. Hakwenda polisi, kwa sababu angekwenda kujishtaki mwenyewe. Matapeli hao wanajua sheria vizuri.

Kwa hiyo anasema hivi. Mtu usiyemjua, kutana naye mchana, mahali penye watu, si chumbani. Mwambie mtu mmoja unayemwamini unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Usitume picha yenye uso wako na mwili wako pamoja. Na ukishanaswa, usilipe hata mara ya kwanza, maana ukilipa mara moja umejiandikisha. Mtafute mtu umwambie.

Neno hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike. Amtafute nani? Kijana huyo ana mama, ana dada, ana shangazi. Sijaandika ili kumbadilishia mtu dini yake. Mimi mwenyewe bado naenda kanisani, na yapo maswali ambayo sijayamaliza. Lakini dini yangu haikunituma nimwache mdogo wangu aoze kidonda kwa sababu ya aibu yangu.

Kama una kijana nyumbani ambaye unamjua huku unajitahidi usimjue, huhitaji kuitisha kikao. Mwambie tu siku moja mkiwa wawili, "Ukiumwa popote, hata mahali pa aibu, niambie mimi, nitakusindikiza." Mimi sikumwambia. Rafiki yake ndiye aliyekuja kunigongea mlango.

Mdogo wangu sasa ameacha karasha, ana kijiduka cha vifaa vya wachimbaji: kamba, tochi na sururu. Amenenepa. Siku hizi akikohoa, namuuliza.

Mwandishi ni mama lishe na mkazi wa Nyarugusu, Geita. Jina lake limehifadhiwa kwa maombi yake.